Ngazi za Mzee Posta

Maji ya kuoga yalikuwa yamepoa kwa mara ya pili, na Mzee Posta alikuwa bado amesimama kwenye mlango wa jikoni, taulo begani, sabuni mkononi, mguu wa kulia umetangulia kidogo kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Binti yake, fundi wa mapazia, alipita chini ya kwapa lake kwenda kuchukua pasi, akapita tena wakati wa kurudi. Alikuwa na mtoto mgongoni, na kila walipopita mtoto alimshika babu yake sikio, akaliachia.

"Baba, miguu inasemaje?"

"Haijasema kitu."

"Nikupashie tena maji?"

"Pasha. Mimi nipo, siendi popote."

Hilo lilikuwa kweli tupu.

Mzee Posta alikuwa mpeleka barua maisha yake yote ya kazi, na katika mtaa ule hapakuwa na mlango ambao hakuwahi kuupigia hodi. Alipostaafu ukaja ugonjwa. Ulianzia kwenye kidole gumba, kikawa kinatetemeka chenyewe kama kinachosokota uzi. Ukahamia kwenye mwandiko, ukaubana hadi herufi zikawa kama sisimizi. Kisha ukashuka miguuni, ukakaa. Daktari wa zahanati alimtajia jina lake, Parkinson, naye Mzee Posta akafikiri kidogo, akasema kwamba hajawahi kumpelekea barua mtu wa jina hilo.

"Basi amekutafuta mwenyewe," alisema daktari wa zahanati.

Uwanjani miguu ilikwenda, ingawa kwa hatua fupifupi za mbiombio, kama za mtu aliyebeba sinia la mayai. Shida yake ilikuwa milango. Ikifika mlangoni iliganda. Nyayo zilishika sakafu kana kwamba zimepigiliwa misumari, huku kiwiliwili kikitaka kuendelea na safari, na mara nyingine kiwiliwili kiliendelea kweli, kikafika chini kabla ya mwenyewe.

Fundi wa mapazia aliliwaza jambo hili akiwa kwenye cherehani, maana huko ndiko alikowazia mambo yote. Akaona kwamba ni mazoea. Miguu ile tangu ujana wake ilifundishwa kusimama mlangoni na kusubiri mwenye nyumba atoke apokee. Sasa nani anatoka? Nani anapokea? Siku iliyofuata, baba yake alipoganda, alimzunguka, akasimama mbele yake, akanyoosha mikono miwili.

"Nimepokea, Mzee. Asante kwa kazi."

Miguu ikaondoka.

Nyumba nzima ikajifunza kupokea. Aliyetaka Mzee Posta apite alinyoosha mikono, na hata mtoto mgongoni alinyoosha vikono vyake. Mambo yakaenda hivyo kwa muda. Kisha miguu ikaanza kudai sahihi, na fundi wa mapazia akawa anatia sahihi hewani kwa kidole. Mwisho ikazikataa sahihi zenyewe, hata zile zilizotiwa kwa adabu.

"Hii ni miguu ya ofisini," alisema Mzee Posta. "Ikishajifunza kuzungusha watu, haiachi."

Kulikuwa na dawa. Zahanati ilimpa kopo dogo la vidonge, na kidonge kimoja kikishuka tumboni miguu ililainika baada ya kitambo, na mpaka nguvu yake iishe Mzee Posta alitembea chini kama watu, milango au pasipo milango. Lakini lile lilikuwa kopo la kuanzia. Makopo mengine yalitolewa mahali pamoja tu, Kliniki ya Mwendo kwenye hospitali kubwa, na alipewa yule tu ambaye daktari wa pale amemwona akitembea, akaridhika kwamba anatembea vibaya. Kwa hiyo vidonge vilitumiwa kwa ubahili, na asubuhi ile ya taulo haikuwa asubuhi ya kidonge.

Maji yalipoanza kupoa kwa mara ya tatu, fundi wa mapazia alikumbuka jambo. Ofisi ya maji, walikokwenda kulipa bili, ilikuwa ghorofani, na kule baba yake alipanda ngazi kama mbuzi mlimani, akashuka hivyo hivyo, akaja kuganda kwenye mlango wa kutokea.

"Baba, jifanye unapanda ngazi."

"Ngazi iko wapi?"

"Wewe jifanye tu."

Mzee Posta akainua mguu juu, kama mtu aliye chini kabisa ya ngazi, akaushusha. Ukakanyaga. Akainua wa pili, nao ukakanyaga. Aliendelea hivyo mpaka kichwa kikagonga fremu ya mlango.

"Inama, Baba."

Akainama, akapita, akateremka upande wa pili, akaenda kuoga. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

Tangu siku hiyo Mzee Posta alikwenda kwa ngazi. Penye tambarare alipanda, akifika juu alishuka, kisha akapanda tena, hivyo hivyo mpaka aendako, kama mtu anayevuka vilima ambavyo wenzake hawakugawiwa. Ngazi zenyewe hazikuonekana. Mwenyewe alisema ni za saruji, zimepigwa vizuri, ila hazina pa kushika.

Mtaa ulizoea upesi, maana kila mtu alikuwa na lake la kumkera. Watoto wa shule walimwamkia huku wamekunja shingo, "Shikamoo ya huko juu!" naye akawajibu, "Marahaba ya huko chini!" Mwenye duka alimwomba atazame kama bati zake zimeanza kutu, maadamu anapita. Mama mmoja alimwomba amtolee kandambili ya mwanawe iliyorushwa juu ya paa, na Mzee Posta akaileta pamoja na kijiko ambacho hakikuwa cha mtu yeyote.

Malalamiko nayo hayakukosekana. Mchanga wa viatu vyake uliwadondokea watu kwenye sufuria. Jirani mmoja, ambaye kwa sababu ya ukuta wake mrefu wenye vigae vya chupa alijulikana kama Bwana Ukuta, alitoka nje akasimama mikono kiunoni.

"Mzee, mimi nimejenga ukuta huu ili nisitazamwe."

"Sikutazami wewe," alisema Mzee Posta kutoka juu, kwa sauti ya kufika chini. "Natazama kuku wako. Wamekonda."

Kwa kuwa barabara nzima ilisikia, Bwana Ukuta aliingia ndani, na kuku wakaanza kulishwa.

Zito zaidi lilikuwa la mabafu. Mabafu ya nje hayakuwa na paa, na wanawake wa mtaa wakamtuma mmoja wao kwa fundi wa mapazia.

"Dada, sisi hatuna neno na baba yako kupita juu. Kila mtu na njia yake. Lakini mtu ukiwa na povu machoni utajuaje kwamba anapita?"

"Huwa anafumba macho."

"Akifumba macho ataanguka. Na akianguka, ataangukia bafu la nani?"

Hoja ilikuwa na uzito wake. Wakaafikiana kwamba Mzee Posta afunge mkononi kengele ya baiskeli yake ya zamani, na kwa kuwa ule mkono ulitetemeka wenyewe, kengele ililia bila kupigwa. Ikisikika, waliokuwa wakioga walichuchumaa. Ikipita, waliendelea.

Ungedhani mzee ameridhika. Hakuridhika. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, na kwa mtu wa umri wake kwenda haja ndogo kukawa ni kupanda mlima na kuteremka mlima. Halafu kule juu hakukuwa na mtu ubavuni. Alikuwa mtu aliyezoea kutembea huku akiongea, bega kwa bega, na sasa kila neno lilibidi lipigiwe kelele, na umbea haupigiwi kelele. Na mjukuu wake alikuwa ameanza kusimama kwa kushika miguu ya cherehani. Alikuwa anatafuta kidole cha kumwongoza hatua ya kwanza. Cha mama yake kilikuwa kwenye kitambaa mchana kutwa. Cha babu yake kilikuwa juu, isipokuwa zile asubuhi za kidonge.

"Nataka vidonge," alimwambia binti yake. "Ngazi ni nzuri, sikatai. Lakini nataka kutembea chini na mtu."

Fundi wa mapazia alilitikisa kopo. Lilikuwa na sauti ya kopo linaloelekea kuisha.

"Tutakwenda kliniki, Baba. Watakuona, watakuandikisha, utapata. Hospitali kubwa vile itashindwaje?"

Alilisema kwa moyo wake wote. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba mahali penye madirisha mengi vile lazima pana akili.

Kliniki ya Mwendo ilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyong'arishwa hadi ukajiona umesimama kichwa chini. Korido iliishia kwenye mlango mwembamba, wenye utepe wa chuma kwenye kizingiti. Nje ya mlango kulikuwa na benchi la wagonjwa, na ndani kulikuwa na karani wa kike mwenye sauti ya kufika mbali, ambaye kazi yake ilikuwa kuita majina, na kwa hiyo watu walimwita Mwita. Utaratibu ulikuwa rahisi. Aliyeitwa alipaswa kuingia mwenyewe, kwa miguu yake, kabla jina lake halijaitwa kwa mara ya tatu. Kubebwa kulikatazwa, kwa sababu aliyebebwa hajatembea, na daktari ataona nini? Viti vya magurudumu navyo vilikatazwa.

"Hii ni Kliniki ya Mwendo, mama," Mwita alieleza kwa upole. "Mambo ya viti yana idara yake."

Mlango ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu, na ile nusu ilikuwa imechukuliwa. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu aliyeganda pale tangu msimu wa mvua uliopita, amesogea kando kidogo ili asizuie watu. Mke wake alikuja kila asubuhi kumbadilisha shati. Msafishaji alipiga deki akimzunguka kwa adabu, na wageni waliopotea walimuuliza maabara iko wapi, naye akawaonyesha kwa kidevu. Kila siku ya kliniki jina lake liliitwa mara tatu, na kila siku iliandikwa kwamba hajafika.

Siku hiyo ya kwanza fundi wa mapazia alimkataza baba yake ngazi, na kidonge pia hakumpa. Alitaka daktari auone ugonjwa wenyewe, haujavishwa nguo. Jina likaitwa. Mzee Posta akaondoka kwenye benchi kwa zile hatua zake za sinia la mayai, akaenda vizuri, akafika kwenye utepe wa chuma, akaganda, pua kwa pua na mwalimu mkuu.

"Habari za hapa, Mwalimu?"

"Nzuri tu. Kuna kibaridi wakifungua dirisha."

Mwita aliita mara ya pili. Kisha akaita mara ya tatu, akimtazama Mzee Posta usoni, akaandika.

"Hajafika."

"Dada yangu," alisema fundi wa mapazia, "huyu hapa. Ukinyoosha mkono unamgusa."

Mwita alinyoosha mkono, akamgusa. Akamshika na bega, ili pasiwe na shaka.

"Ni yeye kweli. Lakini hajafika."

"Si umemwita, na amekuja?"

"Amekuja, sikatai. Kuja ni huku kwenu. Kufika ni huku kwetu."

Walirudi nyumbani miguu ilipokubali, jua likiwa limeshapinda, na tarehe nyingine ilikuwa mbali. Vidonge vikaanza kukatwa nusu. Baadaye nusu zikakatwa tena, kwa kisu chake cha kufumulia mishono, na fundi wa mapazia alilamba ncha ya kidole akaokota hata unga. Robo ya kidonge ilimpa Mzee Posta ardhi ya kutoka kitandani hadi uani, basi.

Tarehe ilipofika, alikuwa ameshabadili mawazo. Jina lilipoitwa alimwinamia baba yake.

"Panda, Baba."

Mzee Posta alipanda tangu pale kwenye benchi, kengele ikilia, wagonjwa wenzake wakimpisha kwa kuinamisha vichwa.

"Samahani, Mwalimu, nakupita kichwani."

"Pita tu, ndugu. Hewa ni ya wote."

Akainama chini ya fremu, akateremka ndani, akasimama mbele ya meza kabla Mwita hajaita mara ya pili. Mwita akaandika kwamba amefika, akakitazama alichoandika, kwa kuwa neno hilo hakuwa amewahi kuliandika.

Daktari wa Mwendo alikuwa mtu mpole, mwenye miwani safi na meza safi. Nyuma yake makopo ya vidonge yalikuwa yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, yote yamefungwa, kwa sababu tangu kliniki ianze hakuna aliyewahi kuandikishwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwomba Mzee Posta arudie. Mzee Posta akapanda hadi jirani na feni, akashuka.

"Vizuri sana," alisema daktari. "Anapanda vizuri, anashuka vizuri, magoti yanakunjika. Mzee, hongera. Huna tatizo la mwendo."

"Daktari," alisema fundi wa mapazia, "anatembea hewani."

"Nimeona."

"Si chini."

"Mama, mimi hapa napima mwendo. Mahali mtu anapoutembelea si juu yangu. Kuna wanaotembea kwenye matope, kuna wanaotembea kwenye lami."

"Mwambie basi atembee chini uone!"

Daktari alikuwa muungwana, akakubali. Mzee Posta aliombwa atoke mezani aende mlangoni, bila ngazi. Akageuka kwa shida, kidogo kidogo, kama kabati linalosogezwa na watu wawili wasioelewana. Akauona mlango. Akaganda.

Walimtazama kwa muda. Feni ilizunguka. Mtoto mgongoni alipiga chafya, na Mwita akamwambia pole.

"Umeona sasa?" alisema fundi wa mapazia.

"Nimeona amesimama. Anasimama vizuri."

"Hatembei, daktari!"

"Ndiyo hapo. Kama angetembea vibaya ningeandika kwamba anatembea vibaya. Lakini hatembei. Mwendo usiokuwepo nitaukosoaje?" Aligonga mhuri taratibu, ili meza isichafuke. "Nilichokiona ni kile cha kwanza, na kilikuwa kizuri. Mzima."

"Na makopo hayo yote ni ya nani?"

Daktari aligeuka kuyatazama, kwa macho ya mtu anayetazama picha za jamaa zake.

"Ni ya wagonjwa," alisema.

Mzee Posta alitoka kama alivyoingia. Alipokuwa mlangoni, juu ya kizingiti, akasita, akainama hadi karibu na sikio la mwalimu mkuu.

"Mwalimu, inua mguu kama unayepanda ngazi."

"Ngazi ipi?"

"Usiulize ipi. Inua."

Mwalimu mkuu, ambaye kwa kazi yake alikuwa hajazoea kuamrishwa, aliinua mguu. Ukakanyaga. Akapanda, vumbi la msimu mzima likimdondoka mabegani, akaingia ndani, akateremka mbele ya meza. Mke wake, aliyekuwa anakuja na shati safi koridoni, aliliweka shati begani akasema, "Haya, angalau leo utalala nyumbani." Daktari akamtazama akipanda na kushuka, akamwandika mzima.

Wenye benchi waliona. Kwa watu wale haikuhitajika kuelezwa mara mbili. Bibi mmoja mwenye fimbo akainua mguu, fundi mmoja wa saa akainua mguu, dereva mmoja mstaafu akasema, "Mimi naanza na wa kushoto," akainua wa kushoto. Jina moja likiitwa, watatu walikuwa tayari darini wanasubiri zamu. Wote walifika. Wote waliandikwa wazima. Fundi wa mapazia alisimama koridoni akiwapigia kelele, "Msiingie kwa ngazi! Mtanyimwa dawa!" lakini hebu mwambie mtu aliyeganda tangu mvua ile asipite, anapopata pa kupita.

Siku zilizofuata wagonjwa walikuja kutoka kila upande, wakapita juu, wakarudi na mhuri. Benchi likabaki tupu.

Hospitali ikafurahi. Mkuu wa hospitali, mtu mwenye kitambi cha hotuba, aliandaa sherehe na kutengeneza bamba la ukutani, na akahitaji pazia dogo la kulifunika kabla halijazinduliwa. Pazia hilo alilishona fundi wa mapazia. Alilishona vizuri, na upindo mara mbili, kwa sababu alikuwa na shauri lake. Viti vyote vilikuwa vya wageni. Waliopona walipangwa juu yao, safu kwa safu, kila mmoja kwenye kipandio chake, na mwalimu mkuu aliwanyamazisha.

"Hii," alisema mkuu wa hospitali, "ndiyo kliniki pekee iliyowaponya wagonjwa wake wote bila kufungua hata kopo moja la dawa."

Watu wakapiga makofi. Waliokuwa juu nao wakapiga, kwa kadiri mikono ilivyowaruhusu. Baadhi ya mikono iliendelea baada ya makofi kuisha.

Pazia lilipofunguliwa na picha kupigwa, fundi wa mapazia alimsogelea mkuu wa hospitali, mtoto mgongoni.

"Mheshimiwa, naomba kopo moja la baba yangu. Yule mwenye kengele."

Mkuu wa hospitali alitazama juu, akampungia Mzee Posta.

"Mama, si amepona?"

"Hajapona. Vidonge ndivyo vinavyomweka chini."

"Sasa unataka tumshushe mtu aliyefika kule?" Alicheka kwa wema, akamkanda mtoto shavu. "Dawa ni ya mgonjwa. Tukimpa mzima, tutakuwa tumemgeuza mgonjwa. Pazia limependeza sana lakini. Lina upindo mzuri."

Baada ya hapo kliniki ilifungwa kwa kukosa wagonjwa. Makopo yalipakiwa kwenye gari, yakarudishwa yalikotoka, na Daktari wa Mwendo akapandishwa cheo. Chumba kikafanywa stoo ya viti vya magurudumu. Ule mlango mwembamba ukabomolewa na kupanuliwa, na utepe wa chuma ukang'olewa, ili viti vipite bila shida.

Fundi wa mapazia hakukata tamaa. Alikwenda zahanati kila alipomaliza kazi ya mtu, na daktari wa zahanati alimsikiliza mpaka mwisho, akamfungulia karatasi, akamwonyesha mhuri. "Mwenzangu kaandika mzima. Mimi ni nani?" Akamwandikia karatasi nyingine ya kumpeleka Kliniki ya Mwendo, kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Alikwenda nayo. Mlinzi wa stoo aliisoma akamwambia kwa huruma kwamba anaweza kuingia, mlango sasa ni mpana, lakini ndani kuna viti tu.

Kopo likabaki na kidonge kimoja kizima, kile ambacho hakikuwa kimekatwa. Walikiacha humo kwa muda, kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kumwuliza anaondoka lini. Asubuhi moja Mzee Posta alisema, "Kilete, mama. Kikilala sana kitaharibika."

Akakimeza kwa maji, akakaa kitandani akisubiri. Miguu ilipolainika alivua kengele, akaiweka juu ya cherehani, akasimama, akatoka kwa mlango wa jikoni kama mtu asiye na habari na milango. Uani alimnyooshea mjukuu wake kidole. Mtoto akaachia kigingi cha kamba ya nguo, akashika kidole. Wakatoka barabarani, wawili hao, na mama mtu akawafuata kwa nyuma akiwa na pini mdomoni, kwa sababu hakutaka kutumia muda kuzitoa.

Walikwenda polepole kuliko kila kitu kilichokuwa barabarani siku ile. Babu aliongea njia nzima. Alimweleza mtoto kwa sauti ya chini nani anamdai nani radhi, na kwa nini mwenye duka hasemezani na shemeji yake, na mtoto akaitikia kwa sauti zake. Wanawake waliokuwa bafuni hawakujua kwamba wamepitwa. Bwana Ukuta aliwaona wakipita usawa wa macho, akawafungulia lango, akawaonyesha kuku. Walikuwa wamenenepa. Mzee Posta akamsifu, wakaongea habari za pumba, wakaagana kwa kushikana mikono.

Kidonge kiliishia kwenye mlango wa duka. Mzee Posta alikihisi kikiondoka, kama mtu anavyohisi kwamba mwenzake ametoka chumbani. Nyayo zikashika chini. Mtoto, kidole mkononi, alisubiri. Wateja waliwazunguka wakaingia, wakazunguka wakatoka.

"Basi," alisema Mzee Posta baada ya kitambo. "Ilikuwa nzuri sana." Akalegeza kidole, akainua mguu juu, akakanyaga, akaanza kupanda.

Mtoto alimtazama. Kisha naye akainua mguu, juu kabisa kuliko mtoto wa umri ule anavyohitaji, akaushusha, ukakanyaga. Akasimama pale, juu kidogo ya ardhi, peke yake, bila kushika kitu.

Mama yake alitema pini mkononi.

"Shuka, mwanangu. Wewe bado una ardhi."

Mtoto akacheka, akainua mguu wa pili.

"Mwache," alisema Mzee Posta kutoka usawa wa bati. "Wakiuliza, waambie ukoo mzima umepona."

Hakuna aliyekuja kuuliza. Fundi wa mapazia alisogea, akasimama chini ya mwanawe, mikono wazi, kama anavyosimama mama yeyote mwenye mtoto kwenye ngazi.